Kuletewa meli kwenye gemu za anga: itachukua muda gani hasa?

Haya ni maswali ambayo wachezaji wa Arusha na Moshi huyarudia kila mara, hasa wa Elite Dangerous, halafu wa EVE Online na Star Citizen. Muda wote uliotajwa hapa ni wa saa ya ukutani, hata pale unaposoma "siku" au "saa" ndani ya gemu. Maswali yana namba ili jibu moja lisirudiwe mara tatu.

## Mambo ya msingi

1. "Kuletewa meli" maana yake nini?

Uko kituo A, meli yako unayoitaka umeiacha kituo B. Badala ya kurudi kuifuata, unalipa na inaletwa ulipo. Ni kama kumwachia kondakta mzigo stendi ya Arusha na kuambiwa utapokelewa Moshi: wewe husafiri nao, lakini nauli umelipa na saa ya kufika inajulikana.

Kila gemu ina njia yake. Elite Dangerous ina huduma rasmi ya kuhamisha meli kupitia yadi ya kituo. EVE Online humtumia mchezaji mwenzako kama dereva, kwa mkataba. Star Citizen haina huduma kamili ya hivyo, na watu wameigeuza bima kuwa usafiri (swali la 16). No Man's Sky unaita meli na inatua mbele yako papo hapo, kwa hiyo haitatajwa tena hapa.

2. Kwa nini nisubiri? Si gemu tu?

Swali hili lilishapigiwa kura. Mwaka 2016 Frontier, kampuni ya Cambridge inayotengeneza Elite, ilipotangaza kuhamisha meli, mpango wa kwanza ulikuwa ifike papo hapo. Wachezaji wakalalamika, ikapigwa kura, na wengi wakachagua kusubiri. Huduma ikaingia na toleo la 2.2, Oktoba mwaka huo, ikiwa na muda unaotegemea umbali.

Hoja yao ilikuwa nzito. Kuruka hapa ni kuvuka kutoka nyota moja hadi nyingine kwa mkupuo mmoja. Meli za vita huruka karibu, meli za uchunguzi huruka mbali lakini ni dhaifu. Kama meli nzito ya vita inaweza kutokea popote kwa kubonyeza kitufe, hakuna sababu ya kuchagua meli kwa uwezo wake wa kuruka, na nusu ya hesabu za gemu inakufa. Asiyependa kusubiri ana haki ya kulalamika, ila ajue analalamikia kitu kilichoombwa na wachezaji wenzake.

3. Itachukua muda gani kwenye Elite?

Kanuni ambayo wachezaji wameipima na kuitumia kwa miaka ni hii: sekunde 300, jumlisha sekunde 9.75 kwa kila mwaka wa nuru (kipimo cha umbali, si cha muda) kati ya mifumo miwili ya nyota. Zile sekunde 300 ni dakika tano ambazo utazilipa hata meli ikiwa mfumo uleule, kituo cha jirani.

- Miaka 20 ya nuru: dakika 8 na sekunde 15
- Miaka 100: dakika 21 na kidogo
- Miaka 200: dakika 37 na nusu
- Miaka 500: saa 1 na dakika 26
- Miaka 1,000: saa 2 na dakika 47
- Miaka 5,000: saa 13 na dakika 37

Kwa kukadiria kichwani, hesabu dakika moja kwa kila miaka sita ya nuru, halafu ongeza tano. Utakosea kidogo tu. Hata hivyo, namba ya mwisho ni ile inayoonekana yadini kabla hujathibitisha. Ikitofautiana na hesabu yako, iamini skrini.

4. Je, ni haraka kuliko kuirusha mwenyewe?

Hapana, karibu kamwe. Hapa ndipo wengi hukosea mpango. Mruko mmoja, ukijumlisha kuchaji, kutokea upande wa pili na kugeuza pua, huchukua kama dakika moja. Huduma ya kuleta meli inakwenda miaka sita ya nuru kwa dakika, yaani ni sawa na rubani mwenye meli inayoruka miaka sita kwa mruko. Hata meli nzito ya vita isiyofanyiwa kazi na mainjinia (mafundi wa ndani ya gemu wanaoboresha vifaa vya meli) hupita hapo.

Chukua safari ya miaka 500 ya nuru. Meli ya vita inayoruka miaka 15 itahitaji miruko 34, tuseme dakika 35 hadi 45 ukihesabu na kujaza mafuta. Ukiagiza iletwe, ni saa 1 na dakika 26. Meli nyepesi inayoruka miaka 30 inafika kwa miruko 17.

Kwa nini basi watu wanaagiza? Kwa sababu zile dakika 86 si zako. Unapika, unalala, au unafanya kazi nyingine kituoni. Agiza unapokuwa na jambo jingine la kufanya. Kama nia yako ni kukaa ukiitazama saa ikihesabu, rudi ukaichukue mwenyewe.

5. Nikizima kompyuta, au umeme ukikatika, muda unasimama?

Hausimami. Saa inahesabiwa kwenye seva, si kwenye mashine yako. Zima kompyuta, bando liishe, umeme ukatike Sakina nzima, meli itaendelea kuja. Hili ndilo linalofanya huduma hii itufae sisi hata kuliko watu wenye umeme wa uhakika.

Hatari iko kwenye sekunde chache tu: umebonyeza kuthibitisha na mtandao ukakatika hapohapo. Ukirudi, usiagize tena kwa pupa. Fungua orodha ya meli zako yadini. Iliyoko njiani itaonyesha muda uliobaki. Ikiwa bado inasomeka iko kituo kilekile cha zamani na krediti zako (pesa za Elite) hazijapungua, agizo halikufika, rudia.

## Kuagiza na kulipa (Elite)

6. Nifuate hatua zipi?

Tua kwenye kituo chenye yadi ya meli. Si kila kituo kinayo, na ramani ya mfumo inaonyesha huduma za kila kituo kabla hujaenda. Fungua huduma za kituo, ingia yadini, nenda kwenye orodha ya meli ulizohifadhi. Chagua unayoitaka, chagua kuihamisha. Utaona vitu viwili: bei na muda. Vitazame vyote viwili. Halafu thibitisha.

Kosa la kawaida ni kuchanganya kununua na kuhamisha. Mchezaji mpya huona Hauler, meli ndogo ya mizigo, kwenye ukurasa wa mauzo, ananunua ya pili, kisha anauliza kwa nini imefika papo hapo na haina vifaa vyake.

7. Bei inapatikanaje?

Inapanda kwa thamani ya meli na kwa umbali. Anaconda, meli kubwa, ikiwa tupu ni takriban krediti milioni 147, hivyo kuiburuta mbali kunauma, wakati Hauler ya chini ya krediti 60,000 utailipia senti.

Kwa meli za bei ndogo fanya hesabu ya pili: je, si nafuu kununua mpya hapo ulipo? Kwa meli ya kusafiria tu jibu huwa ndiyo. Kwa meli ambayo vifaa vyake vimefanyiwa kazi na mainjinia jibu ni hapana, maana muda uliotumia kukusanya malighafi haununuliki yadini.

8. Naweza kuitanguliza meli kituo ambacho sijafika?

Huwezi. Huduma inavuta tu, haisukumi: meli inaletwa pale ulipotua. Ndiyo maana wakongwe huwa na meli moja nyepesi ya kusafiria. Wanatangulia nayo, wanatua, wanaita ile nzito, halafu wanafanya shughuli ndogondogo hadi ifike.

Ukishaagiza huhitaji kubaki hapo. Ondoka, piga kazi mifumo ya jirani, rudi baadaye. Meli itakusubiri yadini bila kodi ya maegesho. Hata ukilipuliwa njiani, agizo haliguswi.

9. Nimeagiza meli isiyo sahihi. Nafuta vipi?

Agizo halifutwi. Meli iliyoko njiani haiguswi mpaka ifike, na hela imeshakwenda. Kwa umbali wa dakika kumi hilo ni somo dogo. Kwa safari ya swali la 12 ni siku mbili na nusu bila meli hiyo, kwa hiyo soma jina la meli mara mbili. Ukiwa na meli mbili za aina moja, tuseme Python mbili, zipe majina tofauti mapema.

10. Kituo kinakataa kupokea meli yangu kubwa. Kwa nini?

Vituo vidogo vya nje vina pedi (sehemu za kutulia meli) ndogo na za kati tu. Anaconda, Federal Corvette, Imperial Cutter na Type-9 zinahitaji pedi kubwa. Python inatua pedi ya kati. Hamia kituo kikubwa cha mfumo huohuo au wa jirani na uagize kutoka huko. Tofauti ya muda itakuwa dakika chache.

Jambo jingine linalofanana na hili ni shehena. Ukitaka kubadilisha meli huku umebeba mzigo, meli unayohamia lazima iwe na nafasi ya mzigo huo. La sivyo, uza kwanza.

## Saa, bando na ratiba

11. Seva inasema 07:00 au 11:00. Kwetu ni saa ngapi?

Gemu hizi hutumia saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele, na saa yetu ya Kiswahili iko sita nyuma ya ile ya tarakimu. Matokeo yake ni njia ya mkato tamu: toa tatu kwenye namba ya UTC, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 07:00 ni saa nne asubuhi. 11:00 ni saa nane mchana. Ikizidi 12, toa na 12: saa 20:00 ya UTC inabaki 17, ukitoa 12 ni saa tano usiku.

Kumbuka mbili. Elite hufanya matengenezo ya kila wiki Alhamisi saa nne asubuhi. EVE huzimwa kwa dakika chache kila siku saa nane mchana, ndiyo maana wanaoingia baada ya chakula cha mchana hudhani mtandao wao umeharibika.

Je, kama nalipia kwa saa kwenye gemu senta? Basi kusubiri ukiwa umekaa ni kuchoma hela. Agiza dakika tano za mwisho za kipindi chako, hakikisha meli inasomeka iko njiani, toka kwenye akaunti yako kabisa, nenda zako. Muda umefungwa kwenye akaunti, si kwenye mashine, kwa hiyo kesho unaweza kukaa kiti kingine, hata ukiagiza Arusha na kuichukua Moshi. Kutotoka kwenye akaunti ndilo kosa la hatari zaidi hapa: anayekufuata anaweza kuuza meli zako, na hakuna wa kumlaumu.

## Safari ndefu

12. Colonia inachukua muda gani kweli?

Colonia, eneo la makazi la mbali ndani ya Elite, iko takriban miaka 22,000 ya nuru kutoka kwenye Jua. Kwa kanuni ya swali la 3 ni sekunde 214,800, yaani saa 59 na dakika 40. Ukiagiza Ijumaa saa mbili usiku, meli inafika Jumatatu saa moja na dakika arobaini asubuhi, wakati daladala za kwanza za wanaokwenda kazini zimeshapita.

Na wewe mwenyewe unapaswa kuwa umeshafika huko (swali la 8). Kwa meli inayoruka miaka 50 hiyo ni miruko 440 hivi, zaidi ya saa saba za kukaa kitini ukijaza mafuta kwenye nyota. Bei nayo itakutoa jasho. Kwa hiyo ita moja au mbili unazozihitaji kwelikweli, nyingine ziache. Meli kadhaa zinaweza kuja kwa pamoja, kila moja na saa yake.

13. Fleet Carrier inasaidia?

Inasaidia sana, kwa mwenye nazo. Fleet Carrier ni meli mama iliyoingia Elite Juni 2020, bei krediti bilioni 5. Inaruka hadi miaka 500 ya nuru kwa mruko mmoja, na meli zako zilizoegeshwa ndani zinakwenda nayo zote.

Kila mruko unahitaji maandalizi ya dakika 15 na mapumziko ya dakika 5. Colonia ni miruko 44 kwa uchache: dakika 880, yaani saa 14 na dakika 40. Hiyo ni robo ya muda wa huduma ya kawaida. Lakini hesabu hiyo inadhani hulali. Kila mruko lazima uupange mwenyewe, tangi la tritium (mafuta ya meli mama) hubeba tani 1,000 na lazima lijazwe, na siku ambazo wachezaji wengi wanarusha meli mama zao, maandalizi huvuka zile dakika 15. Kwa mtu wa bando la usiku, panga usiku tatu au nne.

Usiye na bilioni 5 tafuta mmiliki anayekwenda huko na anayeruhusu wageni kuegesha. Ukishaegesha, meli yako inafuata safari yake, si yako. Akigeuza njia, umegeuka naye.

## EVE Online

14. Kwenye EVE nani ananiletea meli?

Mchezaji mwingine. Unafungua mkataba wa usafirishaji: unaweka kituo cha kuchukulia, kituo cha kushushia, ujira, dhamana, na siku za kukamilisha. Anayeupokea anaweka dhamana. Asipofikisha, dhamana inakuwa yako.

Muda wa kweli una sehemu mbili, na watu husahau ya kwanza: kungoja apatikane mtu wa kuuchukua. Ujira mdogo kwa njia ya hatari unaweza kukaa hadi muda wa mkataba uishe bila kuguswa. Ukishachukuliwa, siku moja hadi tatu ni mpango wa busara kwa njia za usalama wa juu, yaani maeneo yanayolindwa na polisi wa gemu. Dhamana iwe sawa na thamani ya meli na vilivyomo. Ukiweka ndogo, unamshawishi dereva aibe. Ukiweka kubwa kupita kiasi, anahofia mtego na anaukwepa mkataba wako.

15. Kwa nini ujira unaoombwa ni mkubwa hivyo kwa meli ndogo?

Kwa sababu ya ujazo. Meli iliyofungashwa kama bidhaa ni ndogo, iliyofunguliwa tayari kurushwa ni kubwa mno. Frigeti (meli ndogo) iliyofungashwa ni mita za ujazo 2,500, kruza (ya kati) 10,000, meli ya vita 50,000. Rifter, ambayo ni frigeti, ikishafunguliwa inafika 27,289. Unamlipa mtu kubeba hewa, kama kusafirisha kabati juu ya Coaster bila kulibomoa.

Basi si uifungashe? Ndiyo, kama haina rigi, yaani vifaa vya kuboresha vinavyofungwa moja kwa moja kwenye meli. Kufungasha meli yenye rigi kunaziharibu, na hazirudi. Frigeti ya kawaida uza hapo, nunua nyingine uendako. Meli yenye rigi za bei peleka ikiwa imefunguliwa na ulipe, au irushe mwenyewe.

Kama meli imekwama kwenye ngome ya wachezaji iliyovunjwa, hiyo si kazi ya mkataba. Kwa kawaida mali huingia kwenye mfumo wa kulinda mali. Baada ya siku 5 unaweza kuitoa kwenye kituo kingine cha mfumo huohuo, kama kipo, kwa asilimia 0.5 ya thamani. Usipofanya kitu, siku ya 20 inapelekwa yenyewe kituo cha usalama mdogo na unatozwa asilimia 15. Weka kengele kwenye simu.

## Star Citizen

16. Meli yangu iko mji mwingine. Nisubiri iletwe?

Kwa kawaida haiji yenyewe. Njia ya mtaani ni kudai bima kwenye kioski cha meli, hata kama meli ni nzima: baada ya dakika kadhaa unapewa hapo ulipo. Meli ndogo hurudi haraka, kubwa huchelewa zaidi, na unaweza kulipa aUEC (pesa za ndani ya gemu) kuharakisha. Gemu bado iko kwenye majaribio, dakika hubadilishwa toleo kwa toleo, kwa hiyo isome kwenye kioski.

Onyo moja: shehena iliyokuwa ndani inapotea. Watu hudai bima ili waokoe dakika ishirini za kuruka, halafu wanakumbuka walichokuwa wamebeba.

17. Nimeona meli inauzwa kwa dola lakini "bado haijatengenezwa". Itafika lini?

Hii ni aina nyingine kabisa ya kusubiri, na hakuna kanuni ya sekunde. Unanunua mchoro. Banu Merchantman iliuzwa kwa mara ya kwanza mwaka 2013, na walioinunua mwaka huo walisubiri zaidi ya miaka kumi bila kuirusha. Gemu yenyewe ilichangiwa mwaka 2012 kwa matarajio ya kutoka 2014.

Wakati wa kusubiri unapewa meli ya kuazima, kwa hiyo hukai mikono mitupu. Lakini kama hela hiyo ni ada au kodi ya chumba, jibu letu ni fupi: nunua inayoruka leo, au icheze hadi uinunue kwa aUEC.

## Meli haionekani

18. Muda umeisha na bado siioni. Nifanye nini?

Anza na kituo. Mara nyingi umetua kituo cha pili cha mfumo uleule, na meli iko kile ulichoagizia. Orodha ya meli ulizohifadhi inaandika jina la kituo, lisome lote. Pili, toka hadi menyu kuu na uingie tena, maana orodha wakati mwingine hubaki na taarifa za zamani. Tatu, kama ni Alhamisi asubuhi, angalia swali la 11.

Mwisho, hakikisha uko kwenye akaunti na toleo lilelile uliloagizia. Frontier ilisimamisha kuendeleza Elite kwa PlayStation na Xbox mwaka 2022, na maendeleo mapya yako PC tu. Aliyeagiza kwenye PlayStation au Xbox ya rafiki hataiona meli hiyo akifungua PC yake.